Barua ya wazi kwa wakuu wa vyuo vikuu: uendelevu uingie kwenye karatasi ya mtihani

Waheshimiwa Makamu Wakuu wa Vyuo, Manaibu mnaosimamia taaluma, Wakuu wa Vitivo na wajumbe wa Seneti,

Kabla hamjaidhinisha kozi mpya ya uendelevu kwa wanafunzi wote, tunawaomba mfungue kabati la ofisi ya mitihani. Toeni karatasi za miaka 3 iliyopita za kozi za lazima katika kila programu: uhandisi, uchumi, hisabati, sheria, uuguzi, lugha. Hesabuni ni maswali mangapi yanamtaka mwanafunzi afikirie rasilimali inayokwisha, taka isiyo na mwenyewe, au gharama itakayowaangukia watu ambao hawajazaliwa. Hesabu hiyo itawaambia chuo chenu kinafundisha nini hasa. Mwanafunzi husoma kile anachojua kitaulizwa, na mhadhiri aliyebanwa na muda hufundisha kile atakachouliza.

Ahadi zenyewe ni za zamani. Mkutano wa Tbilisi, Georgia, ulioitishwa na UNESCO mwaka 1977 ulishasema kwamba elimu ya mazingira ipite katika masomo yote. Mwaka 1990 wakuu wa vyuo walikutana Talloires, Ufaransa, wakatoa azimio ambalo mamia ya vyuo yamelisaini tangu hapo. Ajenda 21, mpango wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1992 kuhusu mazingira na maendeleo, ililipa suala la elimu sura nzima, ya 36. Umoja wa Mataifa ukatenga muongo mzima, 2005 hadi 2014, kwa ajili ya elimu ya maendeleo endelevu, na mwaka 2015 ukaweka shabaha namba 4.7 ya Malengo ya Maendeleo Endelevu, inayotaka kila mwanafunzi apate maarifa na stadi hizo ifikapo 2030. Kwa hiyo hatuombi tamko jingine. Tunaomba utaratibu, saa za kazi, na nafasi kwenye karatasi ya mtihani.

Tuanze na njia ambayo vyuo huikimbilia kwanza: kozi moja ya pamoja ya lazima. Inavutia kwa sababu inapita Seneti mara moja tu na inaonekana vizuri kwenye ripoti. Kinachotokea ni hiki. Wanafunzi mamia wa fani zote wanawekwa ukumbi mmoja na mhadhiri mmoja, na kwa kuwa hawezi kusahihisha insha za watu wote hao, mtihani unakuwa wa kuchagua jibu sahihi. Mwanafunzi anatoka akiweza kutaja nguzo 3 za uendelevu (mazingira, jamii na uchumi), lakini akirudi idarani kwake anakokotoa mhimili wa zege, bajeti ya mradi au dozi ya dawa kama alivyokokotoa awali, kwa sababu hakuna aliyemwonyesha uhusiano. Lililo baya zaidi ni kwamba idara zote nyingine hupata kisingizio: jambo hilo lina wenyewe, linafundishwa kule. Kozi ya pamoja inaweza kuwa na faida kama utangulizi mfupi wa mwaka wa kwanza. Ikiwa ndiyo mkakati wote, ni bora msiianzishe.

Njia tunayoitetea ni ngumu kiasi kuianza na rahisi kuiendeleza: chagueni kozi 3 za msingi katika kila programu, moja kwa kila hatua ya masomo, na mbadilishe ndani yake mazoezi na maswali ya mtihani. Majina ya kozi yabaki yalivyo. Tunatoa mifano, maana bila mifano jambo hili hubaki hewani.

Chukueni kozi ya vifaa vya ujenzi. Mhadhiri anafundisha saruji kila mwaka. Mawe ya chokaa yakichomwa, kila gramu 100 hutoa gramu 56 za chokaa na gramu 44 za hewa ukaa. Huo ni mlinganyo wa kemia, nao hauchagui aina ya tanuri: hata moto ukiwa wa umeme safi kabisa, zile gramu 44 zitatoka. Hii ndiyo sababu kubwa ya sekta ya saruji kuchangia takribani asilimia 7 hadi 8 ya hewa ukaa inayotokana na shughuli za binadamu. Sasa swali la mtihani. Klinka, yaani mawe yaliyochomwa ambayo husagwa kuwa saruji, ina chokaa asilimia 65. Tafuta hewa ukaa inayotokana na mawe pekee kwa kila kilo ya klinka. Jibu ni kama kilo 0.51. Zege la mita 1 ya ujazo lina kilo 300 za saruji yenye klinka asilimia 95. Jibu ni kilo 146. Badilisha saruji hiyo kwa ile yenye klinka asilimia 50, iliyobaki ikiwa udongo wa mfinyanzi uliochomwa, unga wa mawe ya chokaa na jasi kidogo. Jibu linashuka hadi kilo 77. Mpaka hapa ni hesabu tupu. Sehemu ya tatu ndiyo yenye elimu: chukulia kwamba ili kufikia nguvu ileile mhandisi analazimika kutumia kilo 340 za saruji hiyo mpya, na kwamba zege linachelewa kushika nguvu katika siku za mwanzo, hivyo mbao za kumiminia zikae siku zaidi kabla ya kuvuliwa. Je, faida imebaki kiasi gani, na nani analipia siku hizo? Kilo zinapanda hadi 87, faida bado kubwa, lakini mwanafunzi amejifunza kwamba kila mbadala una gharama yake, na kwamba gharama hiyo huangukia mtu fulani katika eneo la ujenzi. Swali lote hili linakaa nusu ukurasa. Halikuhitaji kozi mpya.

Katika uchumi, mahali pake ni pale panapofundishwa thamani ya sasa ya fedha ya baadaye. Mpeni mwanafunzi hasara ya milioni 100, katika fedha yoyote, itakayotokea miaka 100 kuanzia leo. Kwa kiwango cha punguzo (asilimia ambayo thamani hupungua kwa kila mwaka wa kusubiri) cha asilimia 1.4, hasara hiyo leo ina thamani ya karibu milioni 25. Kwa asilimia 3 ni milioni 5.2. Kwa asilimia 5 haifiki hata milioni 1. Ni kama 760,000. Hasara ni ileile, mafuriko ni yaleyale, na tarakimu moja iliyochaguliwa mwanzoni imefuta karibu kila kitu. Mwanafunzi aulizwe: kiwango hiki kimechaguliwa kwa hoja gani, na kinapendelea kizazi kipi? Wahadhiri wa falsafa wana mengi ya kusema hapa, na kipindi kimoja cha pamoja kati ya idara hizo mbili kingefaa kuliko semina nzima ya hamasa.

Hisabati wengi huiacha nje, na hilo ni kosa. Kozi yoyote ya milinganyo ya mabadiliko ina ukuaji wa lojistiki, yaani ukuaji unaopungua kadiri idadi inavyokaribia kikomo chake. Weka samaki ndani yake: maji yanaweza kubeba tani 10,000, kasi ya ukuaji ni 0.4 kwa mwaka. Ongezeko la juu kabisa linapatikana samaki wakiwa tani 5,000, nalo ni tani 1,000 kwa mwaka. Kwa hiyo serikali inaweka mgao wa tani 1,000, na kwenye karatasi kila kitu kimetulia. Mwanafunzi apunguze samaki hadi tani 4,500: ongezeko linakuwa 990, mgao bado 1,000, pengo linaanza, na kila mwaka linapanuka hadi samaki waishe. Kisha achukulie kwamba kasi halisi ilikuwa 0.35, kosa dogo tu la makadirio. Ongezeko la juu sasa ni tani 875, na mgao ule unamaliza samaki bila kujali walianza wangapi. Sasa abadilishe kanuni: badala ya tani 1,000 wavuliwe asilimia 20 ya samaki waliopo. Mfumo unajirudisha wenyewe kwenye tani 5,000, na hata kwa kasi ya 0.35 unatulia karibu na tani 4,290. Hapo mwanafunzi ameona kwa macho yake kwamba kanuni mbili zenye mavuno sawa kwenye karatasi hutofautiana kabisa pale makadirio yanapokosea.

Hilo si zoezi la ubaoni tu. Julai 1992 Canada ilifunga uvuvi wa chewa (cod) wa kaskazini huko Newfoundland, na takribani watu 30,000 wakakosa kazi. Sababu mojawapo ni kwamba wingi wa samaki ulikadiriwa kupita kiasi: meli ziliendelea kujaza nyavu kwa sababu samaki waliobaki walikusanyika mahali pamoja, na mavuno hayo mazuri yakachukuliwa kuwa dalili ya wingi. Mwanafunzi wa takwimu ana sampuli yenye upendeleo hapo, wa sheria ana suala la nani anaamua mgao na kwa ushahidi gani, wa historia ana pwani iliyoishi kwa samaki karne nyingi. Ukijumlisha na hisabati, tukio moja linahudumia idara 4, na kila idara ikabaki katika fani yake.

Kwingine tutapita haraka. Katika tiba na uuguzi, somo la gesi za usingizi litaje kwamba desiflureni hupasha dunia joto takribani mara 2,500 kuliko hewa ukaa ya uzito huohuo katika miaka 100, na naitrasi oksaidi mara 273. Kisha wanafunzi walinganishe gesi iliyonunuliwa na hospitali kwa mwaka na gesi iliyoandikwa kwenye kumbukumbu za wagonjwa. Tofauti ikiwa kubwa, watafute mabomba yanayovuja. Katika kompyuta, seva ya wati 200 inayowaka mwaka mzima bila kazi hula uniti 1,752 za umeme. Swali la ufanisi wa algoriti liulizwe kwa uniti pia, pamoja na onyo ambalo mchumi Mwingereza Jevons alilitoa kuhusu makaa ya mawe mwaka 1865, kwamba mashine ikitumia nishati kwa ufanisi zaidi, matumizi ya jumla yanaweza kuongezeka. Katika sheria, hukumu ya Mahakama ya Juu ya Uholanzi ya Desemba 2019 katika shauri lililofunguliwa na taasisi ya mazingira ya Urgenda, iliyoilazimu serikali kupunguza utoaji wa gesi joto kwa angalau asilimia 25 ifikapo 2020 ikilinganishwa na 1990, inatosha kufundishia wajibu wa uangalizi na mipaka ya mihimili ya dola. Wahasibu wana viwango vya kimataifa vya kuripoti uendelevu na tabianchi, IFRS S1 na S2, vilivyotolewa Juni 2023.

Lugha tunaitetea kwa namna ya pekee, kwa sababu neno lenyewe lina mtego. Vyuoni kwetu "endelevu" lilishazoeleka katika "tathmini endelevu", yaani alama za mazoezi ya muhula, na maana yake pale ni jambo linalofanyika mfululizo. "Maendeleo" na "uendelevu" vilevile vina mzizi mmoja, kuendelea. Ni rahisi basi mwanafunzi kusoma "maendeleo endelevu" akaelewa ukuaji usiokoma, kinyume kabisa cha kinachokusudiwa. Mwanafunzi wa tafsiri apewe aya 1 ya ripoti ya kampuni yoyote, atenganishe "endelevu", "stahimilivu" na "rafiki kwa mazingira", na aeleze kila neno linaahidi nini na ahadi hiyo inapimwaje. Atakayeweza kufanya hivyo hatadanganywa kirahisi na tangazo.

Sasa utaratibu. Hatua ya kwanza ni ukaguzi wa mihtasari ya kozi na karatasi za mitihani. Tumieni kipimo cha 0 hadi 3: sifuri, jambo halimo, moja, linatajwa, mbili, mwanafunzi analitumia katika zoezi, tatu, linatahiniwa kwa alama. Wasomaji wawe 2 kwa kila kozi, mmoja kutoka nje ya idara, na wakitofautiana kwa zaidi ya ngazi 1 wakae pamoja wasome upya. Nusu saa kwa kozi kwa kila msomaji inatosha. Programu ya kozi 40 itakula saa 40 za watu wawili kwa jumla. Msifanye ukaguzi huu kwa kutafuta maneno kwenye kompyuta. Kozi ya joto na nishati inaweza kufundisha uendelevu kwa kina bila kulitaja neno, na kozi ya menejimenti ikalirudia kila ukurasa bila kufundisha chochote. Wala msiwaombe wahadhiri wabandike namba za malengo 17 ya Umoja wa Mataifa kwenye mihtasari yao. Kila kozi itapata namba kadhaa ndani ya dakika 5, jedwali litajaa rangi, na darasani hakutabadilika kitu.

Hatua ya pili ni kubadilisha bila kuongeza. Mitaala imeshafurika. Kila saa inayoingia, saa nyingine itoke, na muhtasari mpya uonyeshe kilichotoka. Saa 3 za mihadhara, zoezi 1 na swali 1 la mtihani vinatosha kwa kozi moja. Mada isiwekwe wiki ya mwisho ya muhula: ratiba ikiyumba kwa sababu yoyote, hiyo ndiyo wiki inayokatwa. Swali nalo liwe na alama 10 hadi 15 kati ya 100, na liwe sehemu ya swali la lazima. Karatasi nyingi humwambia mwanafunzi ajibu maswali 4 kati ya 6. Swali jipya likiwekwa miongoni mwa ya kuchagua, litarukwa, kisha mtaambiwa kuwa wanafunzi hawalipendi.

Tunajua hofu ya baadhi ya wahadhiri kwamba wanatakiwa kuhubiri. Ni hofu ya haki, na inajibiwa na mwongozo wa usahihishaji. Katika sehemu ya swali inayomtaka mwanafunzi atoe maamuzi yake, yenye alama 5, toeni 2 kwa kutaja dhana alizochukulia, 2 kwa kuonyesha jibu linavyobadilika dhana hizo zikibadilika, na 1 kwa kusema nani anabeba gharama. Wanafunzi 2 wenye misimamo inayopingana wanaweza wote kupata 5. Mwongozo usioruhusu hilo urudishwe na wahakiki.

Warsha za wahadhiri ziwe za siku 2, watu wasiozidi 15, na kila mmoja aje na muhtasari wake na karatasi yake ya mwisho ya mtihani. Asiondoke bila swali moja lililoandikwa na mwongozo wake, na vyote viwe vimesomwa na mwenzake wa fani nyingine. Warsha inayoanza kwa mada ya "umuhimu wa uendelevu" imeshapoteza nusu siku kwa watu ambao tayari wamekubali kuja.

Mradi wa pamoja wa mwaka wa mwisho ni kitu kizuri ambacho huharibika kwa njia moja: wanafunzi wa uhandisi wanafanya hesabu, wa sayansi ya jamii wanaandika utangulizi, na hakuna aliyesoma kazi ya mwenzake. Dawa yake ni mahojiano ya dakika 10 kwa kila mwanafunzi, akiulizwa sehemu ambayo hakuiandika yeye. Vikundi viwe vya watu 5 au 6 kutoka fani 3 angalau. Na hapa kuna kikwazo ambacho ni ninyi peke yenu mnaoweza kukiondoa: ratiba. Bila kipindi kimoja cha saa 3 kwa wiki ambacho vitivyo vyote vimekiacha wazi, wanafunzi hao hawatakutana, hata wangekuwa na nia njema kiasi gani.

Miradi hiyo inahitaji data, na chuo chenyewe kinayo. Idara ya majengo iwape wahadhiri ankara za umeme na maji za kila mwezi. Mara nyingi itaonekana kwamba eneo zima lina mita moja, hivyo haijulikani kama umeme unaliwa na maabara, mabweni au jiko. Wekeni mita ndogo kwenye majengo machache yenye matumizi makubwa. Mwanafunzi wa takwimu, wa umeme na wa uhasibu watapata somo la miaka, na chuo kitajua kinacholipia.

Juu ya yote haya kuna suala la saa. Kuunda upya kozi moja kwa namna tuliyoieleza, tunakadiria, ni kazi ya saa 40. Mkiiacha ifanywe usiku na wahadhiri wenye moyo, itadumu kadiri watakavyokuwepo. Siku wakihama, karatasi ya zamani inarudi. Saa hizo ziingizwe katika mzigo rasmi wa kufundisha, kozi ikifundishwa na idara 2 kila moja ipewe saa zake kamili, na kazi hiyo ihesabiwe wakati wa kupandisha vyeo. Swali na mwongozo viwe mali ya idara, vihifadhiwe pamoja na maelezo ya mhadhiri aliyevitunga, ili anayempokea asianze upya.

Tunaomba basi kikao kijacho cha Seneti kifikishe mambo haya kwenye uamuzi: ukaguzi wa programu 5 za mwanzo, kutoka vitivyo tofauti, ukamilike ndani ya muhula mmoja, saa 40 kwa kila kozi itakayochaguliwa, kipindi cha wazi cha saa 3 katika ratiba ya mwaka ujao, na barua kwa watahini wa nje, kuwataka waseme kwa maandishi kama swali la lazima lilikuwepo na kama lilisahihishwa kwa mwongozo. Ukaguzi urudiwe baada ya miaka 2 kwa kipimo kilekile cha 0 hadi 3, na matokeo ya kila programu yabandikwe mahali wanafunzi watakapoyaona.

Mihtasari tuko tayari kuisoma pamoja na wakaguzi mtakaowateua. Tunachohitaji kwanza ni ruhusa yenu ya kufungua lile kabati.

Wenu katika kazi,

Wahadhiri na waandaaji wa mitaala